Kisiwa cha Majivu

Mchezo wa kompyuta uitwao The Elder Scrolls III: Morrowind, uliotolewa mwezi wa Mei 2002 na kampuni ya Bethesda Softworks ya Rockville, Maryland, huanza ndani ya tumbo la merikebu. Mfungwa asiyeambiwa kosa lake huamshwa na mfungwa mwenziwe, hupandishwa sitahani na askari, huteremshwa kwenye gati la kijiji cha kinamasi, na mlango wa kwanza anaopitishwa katika nchi hiyo ni wa ofisi ya sensa na ushuru. Huulizwa ametoka katika taifa gani, amezaliwa chini ya nyota ipi, na ajua kazi gani. Majibu huandikwa, karatasi hutolewa. Kisha mlango hufunguliwa, na nje yake kuna kisiwa kizima, Vvardenfell, chenye mlima wa moto katikati, tufani za majivu, uyoga mrefu kuliko nyumba, na wenyeji wanaomwita kila aliyeletwa na meli kwa neno moja tu: mgeni. Hawalitamki kwa ukarimu.

Kiswahili kina neno hilo kwa maana zote mbili, ya anayekaribishwa na ya asiyejulikana, na mara nyingi ni sauti ya msemaji tu inayozitenga. Katika nyumba moja ya matofali mekundu karibu na barabara ya Ladypool, Sparkbrook, mjini Birmingham, sauti hizo mbili zilikuwa zikijulikana vyema kabla mchezo haujaingia. Aliishi humo mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, na wanawe wawili: binti aliyefika Uingereza mwaka 1999 akiwa na miaka kumi na sita, na mdogo wake wa miaka kumi na mmoja. Baba alibaki nyuma kufunga biashara yake ya spea za magari, na alitarajiwa kufuata baada ya miezi sita. Hakufuata. Alizikwa Mombasa mwaka 2001, na watoto waliyasikia mazishi kwa simu.

Sparkbrook ni mtaa ulioandikwa sana na watu wasioishi humo. Mwaka 1967 John Rex na Robert Moore walichapisha utafiti wao, Race, Community and Conflict, ambao hadi leo husomeshwa katika idara za sosholojia. Walichogundua ni kwamba ugomvi wa rangi mtaani hapo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa vyumba. Nani astahili nyumba ya manispaa, nani lazima apange katika majumba ya kizamani yaliyokatwa vipande vipande. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Aprili 1968, Enoch Powell alisimama katika hoteli moja ya katikati ya mji huo huo akatoa hotuba yake ya kuogofya juu ya wageni, wiki chache tu baada ya Bunge kuwafungia mlango Waasia waliokuwa wakitoka Kenya. Waairishi, Wakaribi, Wapakistani na Wakashmiri walikuwa wamekwishafika; Wasomali wakaja baadaye, wengi wao kwa kupitia Uholanzi. Kila kundi lilirithi vyumba vya kundi lililotangulia, pamoja na maneno lililotupiwa.

Mwaka 2003 kijana alinunua nakala ya Morrowind katika duka la vitu vilivyotumika. Kisanduku kilikuwa na ramani ya karatasi, naye akaibandika ukutani juu ya kitanda. Ramani hiyo ilikuwa ya lazima, kwa sababu mchezo wenyewe haumwonyeshi mtu aendako. Hakuna mshale wala alama inayong'aa juu ya kichwa cha anayetafutwa. Mchezaji huelekezwa kwa maneno, kama mtu anayeulizia nyumba mjini Lamu: shika njia hii, ukifika penye jiwe kama meno, geuka mashariki. Maelekezo mengine hayatoshi, na mengine yamekosewa kabisa. Kwa hiyo wachezaji wengi wa zama hizo walikuwa na daftari. La kijana wa Sparkbrook liliandikwa kwa Kiswahili, kwani Kiingereza chake cha miaka minne kilikuwa cha shule, na shule haikuwa mahali alipopenda kukumbuka.

Mama alilikuta daftari siku moja akitandika. Akasoma: toka Balmora, pita ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale lililo juu ya bonde la majivu, ukishavuka teremka, mlango una gurudumu la kuzungusha. Alidhani mwanawe amepata marafiki walio nje ya mji.

"Aliyekuelekeza huku ni nani?" alimwuliza jioni.

"Mzee mmoja, mama. Wa Balmora."

"Basi mzee huyo hajui kuelekeza. Hakukwambia utaona nini ukiwa umeshapita."

Katika mambo yote yaliyoandikwa juu ya Morrowind kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni mengi, hakuna uhakiki mfupi wenye haki kuliko huo. Pwani, anayemwelekeza mgeni humpa alama mbili: ya kufika na ya kupotea. Ukiuona mbuyu, rudi. Waandishi wa Rockville walimpa mgeni alama ya kwanza tu, na sehemu ya mashaka ya mchezo, na ya utamu wake, hutoka katika upungufu huo. Mtu huzunguka majivuni nusu saa akiwa na hakika kwamba yu sahihi.

Watu wamegawanyika juu ya mchezo huu tangu mwanzo. Wanaoulaumu wana hoja nzito. Mhusika hutembea kama aliyebeba gunia la chumvi. Upanga huonekana waziwazi ukipita katika mwili wa adui, na bado mchezo hutangaza kwamba umekosa, kwa sababu nyuma ya pazia kuna dadu zinazorushwa, na macho ya mchezaji hayana kauli mbele ya dadu hizo. Wahusika wengi husimama mahali pamoja mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Mazungumzo karibu yote ni ya kusoma. Wanaousifu husema kwamba hayo ndiyo yaliyoufanya uwe nchi, kwani nchi haimngojei mtu. Mwaka 2006 kampuni hiyo hiyo ilitoa Oblivion, uliofuata, ambamo wahusika wote wanasema kwa sauti, mfalme akiwa na sauti ya Patrick Stewart. Kuna dira yenye alama ya kukuelekeza. Na mtu anaweza kusafiri papo hapo kwa kubonyeza jina la mji. Mamilioni waliingia kwa mlango huo. Skyrim, wa mwaka 2011, ukapanua mlango zaidi, hata leo ndio huo unaojulikana na wasiocheza. Wapenzi wa kisiwa cha majivu wakajiona kama wazee wa mji uliopata barabara ya lami: magari yamekuja, hakuna tena anayeuliza njia.

Ubishi huo ulikuwa na baraza lake katika duka la kinyozi kwenye barabara ya Stratford. Mpinzani mkuu wa kijana alikuwa rafiki yake Msomali, aliyelelewa Eastleigh, Nairobi, kabla ya familia yake kwenda Uholanzi na kisha Birmingham. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, na msimamo wake ulikuwa rahisi. Yeye alikuwa ameshaulizia njia vya kutosha maishani mwake. Amepotea katika miji mitatu kwa lugha nne. Akikaa mbele ya skrini, alisema, anataka mshale. Vinyozi walicheka, lakini hoja hiyo haijajibiwa vizuri na yeyote kati ya wale wanaousifu ugumu. Kupotea ni anasa ya mtu mwenye mahali pa kurudi.

Dada hakushiriki katika ubishi wa dira. Kwake swali lilikuwa moja. Kila siku, baada ya chuo, alikuwa akifanya kazi ya jioni ili kodi ya nyumba itimie, akirudi saa nne za usiku na kukuta mwanga wa skrini chini ya mlango. Mwaka 2004 mdogo wake alifaulu masomo mawili tu katika mitihani ya GCSE. Tarehe 28 Julai 2005, kimbunga kilipoipiga Sparkbrook na mitaa jirani, kikang'oa miti na kuezua mapaa katika barabara ya Ladypool, umeme ulikatika nyumbani kwao. Dada anasimulia hadi leo kwamba ndiyo jioni pekee katika miaka miwili walipokula wote watatu pamoja, kwa mshumaa, huku nje watu wakifagia vigae. "Mama alileta watoto wawili Ulaya," husema, "mmoja akahamia kisiwani."

Alipokuja kuuchunguza mchezo wenyewe, miaka mingi baadaye, alikuta mambo mabaya zaidi ya muda uliopotea. Mchezaji huchagua taifa lake kati ya kumi, na kila taifa lina hesabu za kuanzia. Redguard, watu weusi wa mchezo, hupewa nguvu na ustahimilivu mwingi, akili, thelathini. Bretoni, ambao ni weupe, hamsini. Dada ni mhasibu, na jedwali lile alilisoma kama asomavyo majedwali yote. Mdogo wake alimkumbusha kwamba Wanordi, weupe wa kaskazini wenye ndevu za dhahabu, nao wamewekewa thelathini hiyo hiyo. Ni kweli. Lakini jibu hilo halifiki mbali: mtoto wa Norway hajapata kukutana na jedwali hilo nje ya mchezo, na mtoto wa Sparkbrook amelikuta darasani, limevaa nguo nyingine. Skyrim uliondoa hesabu hizo za akili na nguvu, ukabakisha nyongeza za stadi tu. Kufutwa kwake kimyakimya ni aina ya ungamo.

Na kuna watumwa. Vvardenfell ina mashamba na masoko ambamo watu wa jamii za Khajiit na Argonia wanauzwa, wakiwa na bangili zinazofunga nguvu zao. Mchezaji akipata ufunguo anaweza kumfungua mmoja mmoja, na kuna mtandao wa siri wa kuwasaidia wanaotoroka. Soko lakini halifungwi. Mtu anaweza kumshinda shetani wa mlima wa moto, akashangiliwa na kisiwa kizima, na kesho yake akapita Suran akakuta bei zile zile. Mama yao alikulia si mbali na Kengeleni, ambako kengele ya Freretown ilitundikwa enzi za makao ya watumwa walioachiwa huru, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870. Dada aliuliza kwa nini mtoto wa Kengeleni aone soko la watumwa kama pambo la njiani. Kaka alijibu kwamba si pambo: ni mchezo wa kwanza aliokutana nao ambao haukumdanganya kwamba shujaa mmoja hufuta utumwa kwa upanga. Ufunguo ulihitaji kutafutwa, mtu kwa mtu. Hapo wote wawili wana haki, na hawajapatana.

Jambo lililomshika kijana zaidi ya yote lilikuwa adui. Dagoth Ur, aliye moyoni mwa mlima, huwatumia watu ndoto, na ahadi yake katika ndoto hizo ni kuwaondoa wageni kisiwani. Wanaoota huamka na kuwashambulia waliokuja kwa meli. Kijana wa miaka kumi na mitano, katika mji wa hotuba ya Powell, hakuhitaji mfasiri. Ila mchezo hauishii hapo, na huu ndio ukomavu wake: dola iliyomleta mgeni ni dola kweli, imeweka askari na kodi katika nchi ya watu, na wenyeji wenye uchungu hawasemi uongo wanaposema wametawaliwa. Mgeni ni mwathiriwa na ni chombo cha dola, kwa karatasi zile zile alizopewa gatini. Wasomi wa pwani ya Afrika Mashariki wametumia vitabu vingi kusema jambo hilo juu ya wageni wao.

Halafu shujaa wa kale. Nerevar alikufa karibu na mlima huo, na hakuna anayekubaliana na mwenziwe juu ya kifo chake. Hekalu lina simulizi yake rasmi, iliyosafishwa. Watu wa jangwa la majivu wanasema aliuawa na wenzake watatu wa karibu, ambao kisha walijifanya miungu. Mmoja wa miungu hao, akiulizwa ana kwa ana, ana toleo la tatu. Vitabu vimo ndani ya mchezo, mamia, na vinapingana, mchezo hauamui. Mama aliposimuliwa alisema hayo ni ya Liyongo. Aliyajua kwa bibi yake: shujaa asiyedhurika kwa chuma chochote ila shaba ya kitovuni, mwana aliyehongwa amuue babake, maiti iliyopiga goti kisimani na upinde mkononi, mji mzima ukiogopa kuteka maji. Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na Liyongo wa masimulizi hakuwahi kufungwa ndani yake. Wataalamu hawajakubaliana hata karne aliyoishi. Bibi alikuwa na toleo ambalo mwana hakuhongwa, bali alidanganywa. Mama alilisimulia usiku ule hadi mwisho, na kijana akaandika katika daftari lile lile, kurasa za nyuma.

Leo ana karibu miaka arobaini na ni mkalimani. Alirudi masomoni akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yake humpeleka hospitalini na katika vikao vya watu wanaoomba hifadhi, ambako mtu wa Goma au wa Mogadishu huulizwa jina lake, taifa lake, njia aliyopita, na huulizwa tena baada ya miezi kadhaa, na tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili huwekwa mezani. Mkalimani hana ruhusa ya kusema kwamba simulizi mbili zinazopingana zaweza kuwa za kweli zote mbili. Anatafsiri, anafunga kalamu, anapanda basi. Nyumbani amewahi kusema kwamba alijifunza jambo hilo kisiwani kabla ya kulikuta popote. Dada alimjibu kwamba alijifunza kwa mama, jikoni, naye anaupa mchezo sifa ya mtu mwingine. Ubishi huu nao haujesha, ingawa daftari, lenye Balmora mbele na Liyongo nyuma, linampa kila mmoja ushahidi wake.

Barabara ya Stratford ikifuatwa kusini, kupita Sparkhill, humpeleka mtu hadi Hall Green, na hapo, kando ya mto Cole, kuna kinu cha Sarehole. J.R.R. Tolkien aliishi mbele yake kati ya 1896 na 1900. Alizaliwa Bloemfontein, kusini mwa Afrika, mwaka 1892. Mama yake alimleta Uingereza akiwa na miaka mitatu. Baba alibaki kazini, akitarajiwa kufuata, akafia huko mwezi wa Februari 1896. Watalii huja kuona kinu na kichaka cha Moseley, wakiamini kwamba misitu yote ya fantasia imeota hapo, na kwa kiasi fulani ni kweli: miti ya Oblivion ni miti ya Sarehole, iliyokopwa kwa mikono mingi. Morrowind ulikataa mkopo huo. Elfu zake zina ngozi ya majivu na macho mekundu, mashamba yake ni ya uyoga, na usafiri wake ni wadudu wakubwa wanaoongozwa na mtu aliyekaa ndani ya gamba. Kijana alipelekwa Sarehole na shule akiwa na miaka kumi na miwili. Anachokumbuka ni bango lililosema mtoto huyo alitoka Afrika, na mwalimu aliyelipita bila kulisoma.

Mchezo wenyewe umekataa kuzeeka peke yake. Wapenzi wameunda programu huria, OpenMW, inayouendesha katika kompyuta za leo, na kundi la kujitolea liitwalo Tamriel Rebuilt, lililoanza mwaka 2001 hata kabla mchezo haujatoka, bado linajenga bara lililo ng'ambo ya kisiwa, wilaya baada ya wilaya, bila malipo. Watu wamezaa, wamestaafu, wengine wamefariki, na mipaka inaendelea kusogea. Kwa dada hiyo ndiyo hoja ya mwisho dhidi yake: miaka yote hiyo ya watu wazima. Kaka haoni tofauti kati ya hayo na msikiti unaojengwa kwa michango.

Majira ya baridi yaliyopita, mama akiwa amelazwa kwa siku chache na nyumba ikiwa na ukimya usiozoeleka, dada aliketi mbele ya kompyuta akaomba aonyeshwe. Alichagua Redguard. Mdogo wake alimwacha peke yake akaenda hospitalini kwa zamu yake. Nje kidogo ya kijiji cha gati kuna maiti ya mtoza ushuru, kando ya maji, na mkobani mwake kuna sarafu 200 na orodha ya waliolipa. Wachezaji walio wengi huchukua fedha na kwenda zao. Kaka aliporudi usiku alimkuta ameirudisha kwa karani hadi sarafu ya mwisho, na kwa saa mbili alikuwa akitembea kinamasini, polepole, akimtafuta muuaji. Alikuwa amechukua bahasha ya zamani ya benki, akaandika nyuma yake maelekezo aliyopewa na wanakijiji, na chini ya kila mstari ameacha nafasi.

"Hii nafasi ya nini, dada?"

"Ya kuandika nitaona nini nikiwa nimeshapita."